Mume wa Kuazima Siku ya Kliniki

Nyumbani,
4 Februari

Baba Kifungo,

Nakusalimu kwa mkono mmoja, huo mwingine umeshika kiuno. Huku wote wazima. Kifungo meno mawili ya mbele yameng'oka, na sasa kila akisema "sasa" anapiga mluzi. Mama yako mzima pia: jana kanigombeza kwa kuinama, juzi alinigombeza kwa kukaa sana. Sare za shule zimenijaa mpaka mlangoni, na tumbo limefika mahali ambapo nakaa upande upande kwenye cherehani kama mtu anayechungulia dirisha la jirani.

Habari kubwa ni kliniki. Nilikwenda Jumatatu. Kuna Sista mpya, msichana mrefu, mpole, anayetembea kwa haraka kama ameacha kitu jikoni. Alinipima tumbo, presha na damu. Kumbe mkeo si mtu wa hivi hivi! Damu yangu wanaiita hasi, ina alama ya kutoa, na wenye damu hiyo ni wachache sana. Sista alikunja uso kwanza. Baadaye akaukunjua, akasema wengine wenye damu kama yangu huhitaji kufuatiliwa na kuchomwa sindano, lakini mimi sihitaji. Mambo yamenyooka. Saa nne asubuhi nilikuwa nimerudi napiga pasi.

Kwa hiyo usikonde. Jenga hilo bwawa lako, ule, ulale, na soksi nilizokufungia uzivae, usizitunze kama zawadi ya harusi.

Mkeo,
Mama Kifungo


Kambini,
16 Februari

Mke wangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea kwa dereva wa lori la saruji. Alikuwa ameikalia, imekunjamana, lakini maneno yote yamefika mazima. Nimefurahi sana. Huku simu tumezigeuza tochi, maana bonde limezungukwa na miamba na hakuna mtandao unaothubutu kushuka. Ukuta wa bwawa unapanda. Sisi waashi tunapanga mawe tangu alfajiri, na msimamizi anapita na pimamaji yake akitafuta kosa kama mama mkwe anayetafuta vumbi juu ya kabati. Hayo usimsomee Mama.

Kuna jambo moja limenishangaza. Wenzangu ambao wake zao wanatumia zahanati yetu wanalalamika kwamba umeingia utaratibu mpya. Mjamzito aliyekuja na mumewe anaitwa kwanza. Aliyekuja peke yake anakaa benchi la nyuma mpaka wenye waume waishe. Wanasema agizo limetoka juu, ili wanaume nao wazoee kliniki. Mke wa mpishi wetu alikaa pale mchana kutwa, akarudi jioni bila kupimwa, vipimo vimekwisha. Sasa wewe, ambaye mumeo niko huku nimejaa saruji mpaka kwenye nyusi, umewezaje kuwa nyumbani saa nne?

Sina wasiwasi wowote. Nauliza tu.

Soksi ninavaa. Mbusu Kifungo kwenye pengo.

Mumeo,
Baba Kifungo


Nyumbani,
27 Februari

Baba Kifungo,

Unauliza maswali kama askari wa barabarani. Nimewahi kutoka kwa sababu niliwahi kufika. Halafu Sista ananipenda. Halafu nina ulimi, unaujua, ulikuoa. Inatosha?

Nimekwenda tena, na tena mambo mazuri. Mtoto anacheza sana, hasa nikikanyaga cherehani. Nadhani anafikiri ni ngoma anapigiwa yeye. Kifungo kaamua kwamba kitovu changu ndiyo sikio la mdogo wake, basi kila asubuhi anainama pale anamsimulia habari za shule, nani kachapwa na nani kajikojolea.

Mama anasema uache maswali na ule vizuri. Mengine tutaongea ukirudi.

Mkeo,
Mama Kifungo


Kambini,
9 Machi

Mama Kifungo,

Utaona sijaandika "mpendwa". Sijasahau.

Juzi tulikuwa tunakunywa chai, watu kama ishirini tumekaa kwenye magunia, utingo wa lori akanigeukia akasema kwa sauti, "Mwashi, hongera, mkeo anatunzwa." Nikauliza na nani. Akasema amekuona unatoka kliniki na Fundi Pancha, yeye amebeba mkoba wako na mwavuli amekushikia, na Sista amesimama mlangoni anamwambia, "Baba, umwangalie vizuri mama." Na Pancha akaitika, "Sawa Sista." Watu wakacheka. Mimi chai ikanipalia, ikatokea puani, wakacheka zaidi.

Pancha! Mtu anayeziba tairi la baiskeli asubuhi, mchana limelala tena. Hata kama ni kunidharau, ungenidharau na mtu mwenye kazi safi.

Sikiliza jambo lingine. Wiki iliyopita seremala wetu alianguka kutoka kwenye jukwaa, mguu ukavunjika vibaya, damu nyingi. Tulimkimbiza hospitali ya kampuni, wakaomba wa kumtolea damu. Nikajitokeza. Walinipima wakasema mimi ni O chanya, damu nzuri, itamfaa. Nimelala pale naiangalia damu yangu inajaa kwenye mfuko, nikawaza: hapa mimi nampa damu mtu ambaye hata kijiji chake sikijui, na kule nyumbani kwangu fundi baiskeli anaitwa baba. Seremala anaendelea vizuri. Mimi siendelei vizuri.

Nataka ukweli, wote, bila ulimi.

Baba Kifungo


Nyumbani,
14 Machi

Baba Kifungo,

Una hakika ni chanya? Wamekupima wewe kweli, hawakuchanganya na mwingine? Nijibu kwa lori hilihili linapogeuza. Nakuomba.

Ukweli huu hapa. Nilimwazima Pancha. Si mimi peke yangu, wanawake wengi ambao waume zao wako mbali wanafanya hivyo. Karakana yake inatazamana na geti la zahanati, kwa hiyo yeye ndiye wa karibu. Unamwita, anaacha gurudumu, ananawa grisi, anabadili shati, anavuka barabara, anakuwa baba. Mkishatoka anarudi kwenye gurudumu. Basi. Hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yako, na mwavuli aliushika kwa sababu mimi mkono mmoja ulikuwa na kichupa kitupu cha mkojo wa kliniki ijayo, na mwingine umeshika kiuno. Ukitaka kukasirika kasirika, ila kasirika baadaye. Sasa hivi kuna jambo kubwa kuliko hasira zako.

Siku ile Sista alipokuta damu yangu ni hasi, alisema tumpime na baba. Alieleza hivi: baba akiwa chanya, mtoto anaweza kurithi uchanya wake. Damu ya mtoto ikigusana na ya mama, mwili wa mama unaweza kuiona ni adui, ukajifunza kuipiga vita, na anayeumia ni mtoto. Lakini baba akiwa hasi kama mama, mtoto naye ni hasi, hakuna ugomvi. Wakamtoboa Pancha kidole. Hasi! Sista alifurahi mpaka akapiga makofi, akasema hajawahi kuona mume na mke walioumbwa kwa kufanana namna hii. Ndipo akasema sindano haihitajiki. Na mimi nikacheka nao, mjinga mimi. Nilijiambia labda hata wewe ni hasi, kwani si miaka yote tunakula chungu kimoja?

Sasa nimesoma barua yako mpaka pale uliposema chanya, nikairudia mara tatu. Kifungo nilimzaa hapahapa nyumbani, hakuna aliyepima chochote. Kama Kifungo ni chanya kama wewe, huenda mwili wangu ulishajifunza vita tangu siku ile. Huenda huyu aliyemo anapigwa wakati mimi napiga pasi naimba.

Nitakwenda kumwambia Sista. Naogopa, mume wangu. Naogopa atanifukuza, naogopa wanawake wenzangu watasema nimewauza, na kuliko vyote naogopa atasema nimechelewa. Lakini nitakwenda.

Mkeo,
Mama Kifungo


Nyumbani,
14 Machi

Mwanangu,

Naandika mwenyewe. Mwandiko wa darasa la watu wazima unaujua, usome polepole.

Mkeo hakumtafuta Pancha. Ni mimi niliyemtafuta. Nilimsindikiza mkeo mara ya kwanza, nikakaa naye benchi la nyuma. Wenye waume wakaitwa, wakatoka, wengine wakaja wakaitwa. Sisi tumekaa. Jua likapanda. Nikavuka barabara nikamwambia Pancha nawa mikono uje uwe mwanangu kwa saa moja. Alikataa. Nilimvuta shati. Mkeo alitaka kukuambia, mimi nikamkataza, kwa sababu nakujua, ukiwaka huzimiki upesi.

Wewe unajua una ndugu watatu waliokufa. Hujui zaidi ya hapo kwa sababu sikukuambia. Wewe ulizaliwa mzima, mnene, unalia kama tarumbeta. Waliokufuata walizaliwa wakageuka manjano. Macho, ngozi, mpaka kucha. Wa mwisho hakufikia siku ya pili. Hakuna aliyejua ni nini. Watu walisema yao. Mimi sikuwa na kliniki ya kwenda, na kama ingekuwepo nisingekaa nyuma. Kwa hiyo mkwe wangu hatakaa nyuma.

Kama kuna wa kugombezwa ni mimi. Lakini usinigombeze, nina umri.

Mama yako


Kambini,
17 Machi

Mke wangu, na wewe Mama,

Naandika nimesimama, dereva amewasha injini ananipigia honi.

Ni chanya. Nimerudi kuuliza, wakanionyesha. O chanya, hakuna kuchanganya. Mwambie Sista kila kitu, usimung'unye hata neno moja, mwambie hata la shati. Akikufukuza nenda hospitali kubwa, mwambie Mama auze chochote anachotaka kuuza cha kwangu.

Nimekasirika. Kisha nimegundua sijui nimemkasirikia nani. Wewe ulitaka mtoto apimwe. Mama alitaka wewe upimwe. Pancha alivutwa shati. Mimi ndiye sikuwepo, na sikuwepo kwa sababu natafuta. Basi hasira imekosa pa kukaa.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi amesema mpaka ukuta ufike kwenye alama nyekundu. Nitaupandisha kwa meno.

Mpendwa. Nimeliandika.

Mumeo


Karakana, mbele ya zahanati,
22 Machi

Kwa Baba Kifungo, mwashi, kwa heshima,

Bwana, mimi ni Fundi Pancha. Mama yako ameniagiza nikuandikie, na unajua mtu hakatai agizo la mama yako mara mbili. Kwanza nakuapia kwamba nimekuheshimu. Pili, zile taarifa kuwa kazi yangu si nzuri zimenifikia. Matairi yenyewe ni mabovu, bwana.

Sasa nikusimulie. Jumatatu mkeo alikuja karakana, uso umemvimba kwa kulia, akasema, "Pancha, leo unakuja mara ya mwisho, na leo tunasema kweli." Nikamwambia kweli gani, mimi nina wateja. Mama yako alikuwa nyuma yake. Nikanawa mikono.

Tulipoingia, Sista akatabasamu, "Karibuni, baba na mama." Mkeo akasema, "Sista, huyu si mume wangu. Mume wangu yuko bwawani na damu yake ni chanya." Akayasema yote kwa mara moja, kama mtu anayemwaga ndoo. Sista akaacha kutabasamu. Akanitazama. Akanitazama tena. "Wewe," akasema, "si ndiye uliyekuja mwezi uliopita na yule mama wa mapacha?" Nikasema ndiyo. "Na yule binti wa kilimani?" Nikasema ndiyo. "Kwa nini sikukutambua?" Nikasema nadhani ni mashati. Bwana, mimi nimeoa mara sita mwaka huu bila kula karamu hata moja.

Nilidhani atatupigia kelele. Akavua glavu zake kidole kidole, kisha akatoka nje kwenye mabenchi akauliza, "Nani hapa amekuja na mume wa kuazima? Sitamfukuza mtu. Nahitaji kujua, kwa ajili ya watoto." Binti mmoja akanyoosha mkono. Kisha mwingine. Kulikuwa na mmoja kaja na kaka yake, na mmoja kaja na mlinzi wa zahanati yenyewe! Sista alipomwona mlinzi wake naye ameinua mkono, alianza kucheka, akacheka mpaka machozi, halafu nikaona kwamba yale machozi si ya kicheko tena.

Akasema, "Mimi nilijiona natekeleza agizo. Agizo lilisema tuwakaribishe wanaume, halikusema tuwaadhibu wanawake." Akalibandua lile tangazo ukutani. Sasa wanaitwa kwa kufuata aliyefika mapema, na waliotumia mume wa kuazima wote wanapimwa upya na waume wao wa kweli wakipatikana.

Mkeo walimtoa damu, imepelekwa hospitali kubwa ionekane kama mwili wake umeshaanza ile vita. Majibu bado. Anakaa kwenye cherehani lakini hashoni, sauti yake siisikii kama nilivyozoea. Mimi naomba kwa ajili yenu. Na mimi nimeambiwa damu yangu ni adimu, nimejiandikisha kuwatolea watakaohitaji. Ndiyo kazi yangu mpya, haina haja ya shati.

Wako katika ukweli,
Fundi Pancha


Nyumbani,
6 Aprili

Mume wangu!

Safi! Iko safi! Nimeanza na neno hilo ili dereva hata akiikalia barua ulisome la kwanza.

Majibu yalikuja jana. Sista hakungoja niende, alikuja mwenyewe, nikamwona anaikata njia ya shambani karibu akimbie, na kwa kuwa siku zote anatembea hivyo nikashindwa kujua ni habari njema au mbaya. Nilisimama na mkasi mkononi. Akapaza sauti akiwa bado mbali, "Hakuna vita! Mwili wako haujajifunza chochote!" Mkasi ukaanguka. Nikaketi chini palepale kwenye vumbi na sare ya watu mapajani, nikalia kwa sauti kama mtoto, na Kifungo akaja akalia pia bila kujua tunalilia nini, ili nisilie peke yangu.

Sindano nimeshachomwa. Sista ameeleza kwamba hii inauzuia mwili usije ukajifunza huo ugomvi. Nitazaa hospitali kubwa, mtoto atapimwa akizaliwa tu, na akiwa chanya nitachomwa nyingine ili hata atakayemfuata awe salama. Nikamwambia Sista huyo atakayemfuata asubiri kwanza. Mume wa yule binti wa kilimani naye amepatikana, wako salama. Mama wa mapacha yuko salama. Leo nimeshona magauni mawili na nimeimba mpaka jirani kaniomba nipumzike.

Kuna jambo moja la Mama. Sista alipokuwa anaeleza, Mama alikuwa anapepeta nafaka mlangoni, nikadhani hasikilizi. Ghafla ungo ukasimama. Akauliza, "Hao watoto ambao damu yao inapigwa, wanakuwaje?" Sista akasema wengine huzaliwa na upungufu wa damu, na wengi hugeuka manjano. Mama akauliza, "Wa kwanza je?" Sista akasema wa kwanza mara nyingi huponyoka, maana mwili ulikuwa bado haujajua. Mama aliweka ungo chini, akaingia ndani akafunga mlango. Mpaka leo hasemi, hata kunigombeza hanigombezi. Nimeinama mara tatu makusudi mbele yake na hajasema kitu. Njoo, Baba Kifungo. Mimi sasa sina shida, lakini njoo.

Mkeo mwenye furaha,
Mama Kifungo


Hospitali kubwa, kwenye ukumbi wa kungojea,
19 Juni

Mama,

Shikamoo. Dereva wa gari la wagonjwa anarudi huko sasa hivi, ndiyo maana naandika kwenye goti.

Amezaliwa. Mtoto wa kiume, mnene, na analia mpaka muuguzi mmoja ametoka kuchungulia ni nani huyo. Mke wangu mzima. Amechoka, lakini ameshamwambia daktari kwamba koti lake limeshonwa vibaya begani. Nilikuwepo, Mama. Nilikaa naye tangu uchungu ulipoanza, nikamshika mkono, akauminya mpaka nikadhani mawe ya bwawa yalikuwa mepesi. Watu wengine walizaliwa wakati mimi naogopa, yaani nilisikia watoto wanalia vyumba vya jirani nikawa nasema huyo si wetu, huyo si wetu. Halafu wetu akalia.

Wamempima. Chanya, kama mimi. Na ngozi yake ni ngozi yake, macho meupe, nimeyatazama mwenyewe mchana, karibu na dirisha, zaidi ya mara moja. Mama yake ameshachomwa sindano ya pili. Watatukalisha kidogo wamwangalie, kisha tutakuja.

Mama, hukuniambia neno tangu nilipofika mwezi uliopita, na mimi sikukuuliza kwa sababu sikujua pa kuanzia. Nilikuwa nikikuona unaamka unafagia palipofagiwa. Nataka ujue tu kwamba nilipomshika huyu mtoto, mtu wa kwanza kumfikiria ulikuwa wewe. Nilifikiria jinsi ulivyowashika wale.

Mwanao


Nyumbani,
22 Juni

Mwanangu,

Barua nimeisoma mara nyingi. Kifungo ameisoma kwa sauti, na kila penye "sasa" amepiga mluzi.

Wewe hukuniuliza. Basi nakuambia.

Walipokufa wadogo zako watu walisema nimewala. Walisema mbele yangu, kisimani, shambani. Mama mmoja alikuwa akiniona anamfunika mwanawe khanga. Baba yako hakusema, lakini hakunitetea pia, alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma kuliko vyote. Mimi mwenyewe nilikaa usiku na mchana nikijiuliza nilifanya nini. Nilikula nini, nilikanyaga wapi, nilimkosea nani. Miaka yote hii, mwanangu. Ukiwa unakua, ukiugua homa kidogo tu, nilikuwa nafikiri sasa ni zamu yako, nami ndiye sababu. Ndiyo maana nilikuwa mkali. Nilikuwa nahofia nitakudhuru mimi mwenyewe.

Jana nilioga, nikavaa vizuri, nikaenda zahanati peke yangu. Nilikaa kwenye benchi na wajawazito. Mabinti wakaniuliza, "Bibi, na wewe unatarajia?" Nikawaambia ndiyo, natarajia jibu. Zamu yangu ilipofika nikamwambia Sista nipime damu. Hakuniuliza ya nini. Alipomaliza aliushika mkono wangu, hakuuachia.

Ni hasi.

Amesema hawezi kuapa kwa watoto ambao hakuwaona. Lakini amesema, kwa vile nilivyomweleza, ni jambo hilo. Amesema mwili wangu ulifanya kile ambacho miili hufanya, na mimi sikukosa chochote, na wakati ule hakuna ambaye angeweza kuniambia. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie kwa sauti, ili wale wa kwenye benchi wasikie. Akasimama mlangoni akarudia kwa sauti.

Nilirudi kwa miguu, sikuchoka. Nikapita nyuma ya nyumba, pale walipolala, nikawaambia mmoja mmoja. Halafu nimeingia ndani nikalala mchana kweupe, mlango wazi, mpaka Kifungo akaja kuniamsha akidhani naumwa. Siumwi. Nilikuwa nimelala tu.

Mwambie mkwe wangu asiiname. Mleteni mtoto taratibu, gari lisikimbizwe kwenye mashimo. Nataka nimshike, na safari hii nitamshika bila woga.

Mimi,
mama wa watoto wanne